Mwongozo Kamili: Jinsi Chembe za Gesi Zinavyotengeneza Mgandamizo Ndani ya Chombo

"Gesi ikibanwa, chembe zake zinakosa nafasi na kuanza kusukumana, ndiyo maana mgandamizo unapanda." Jibu hili liko kwenye madaftari ya hapa Mwanza, kuanzia Nyegezi hadi Igoma, na kila mara linakosa alama. Kuna kundi jingine: wameikariri kanuni ya Boyle neno kwa neno (jotoridi lisipobadilika, mgandamizo ukizidishwa kwa ujazo hutoa namba ile ile), lakini wakifanya jaribio wanapata namba zinazoikataa kanuni. Basi wanazipika namba mpaka zikubali.

Makosa haya mawili ni ndugu. Mtu anaitazama gesi iliyo ndani ya chombo kana kwamba imetulia, kisha anasahau kwamba nje ya chombo nako kuna gesi. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Usiruke ya kwanza kwa sababu inaonekana ya kitoto.

## Vifaa

- Bomba la sindano jipya la mililita 20, bila sindano. Maduka mengi ya dawa yanalo. Usiokote lililotumika, hata kama linaonekana safi.
- Gilisirini kidogo, kutoka duka hilo hilo.
- Kibiriti cha gesi na koleo.
- Ndoo ndogo, kamba, kijiti kigumu, ubao na stuli mbili.
- Kipande cha mbao kilichotobolewa tundu la kusimamishia bomba.
- Chupa ya maji ya lita 1 kwa ajili ya kupimia.
- Mizani ya jikoni na choroko kavu kilo 1.
- Kopo tupu la soda, lile jembamba la alumini.
- Beseni la maji baridi, jiko, na koleo la mkaa.
- Rula, daftari na kalamu.

Mizani ndiyo ghali kuliko vyote. Kama huna, mwombe muuza duka jirani akuazime yake jioni biashara ikipoa.

## Namba za kuandika kabla ya kugusa chochote

Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yetu ni pungufu kuliko ile iliyo juu ya Dar es Salaam, hivyo mgandamizo wa hewa hapa ni karibu kilopaskali 88, si 101 kama vitabu vinavyoandika. Andika 88 kwenye ukurasa wa kwanza na uizungushie duara.

Onyo: usichukue namba ya mgandamizo kutoka kwenye programu ya hali ya hewa ya simu. Kwa kawaida programu hizo hutoa namba iliyokwisha kurekebishwa ili ionekane kama ya usawa wa bahari. Itakuambia hektopaskali 1013 au 1015 (yaani kilopaskali 101.3 au 101.5), na hesabu zako zote zitapinda.

Jotoridi la chumba tulichukulie kuwa nyuzi 27 za Selsiasi, yaani Kelvini 300 (ongeza 273 kwenye Selsiasi kupata Kelvini). Namba hii nzuri tumepewa na hali ya hewa yenyewe.

## Hatua ya 1: Mimina choroko juu ya mizani

Geuza sahani ya mizani kifudifudi ili punje zikidunda zianguke pembeni na zisirundikane juu yake. Weka mizani ndani ya beseni kubwa, usije ukafagia choroko wiki nzima. Sasa mimina kutoka kimo cha nusu mita, mfululizo, kilo yote iishe kwa sekunde tano hivi.

Itazame mizani. Haitarukaruka kwa kila punje. Itapanda hadi gramu 60 au zaidi kidogo na kukaa hapo ikitetemeka, kisha choroko zikiisha itarudi sifuri. Hakuna punje iliyolala juu ya sahani, lakini kani, yaani msukumo, ilikuwepo, na ilikuwa karibu tulivu.

Mgandamizo wa gesi ndivyo ulivyo. Kila chembe inapogonga ukuta na kurudi, inabadili mwelekeo, na kuibadili mwelekeo kunahitaji kani. Ukuta unaisukuma chembe, chembe nayo inausukuma ukuta. Mgongano mmoja ni mdogo mno, lakini kwa hewa ya hapa Mwanza, kila sentimita moja ya mraba ya ngozi yako inagongwa mara zipatazo 25 ikifuatiwa na sifuri 22, kila sekunde. Kwa wingi huo hakuna nafasi ya kutetemeka. Unahisi msukumo mmoja tu uliotulia, au huhisi kabisa.

Mimina tena, safari hii haraka maradufu. Mizani itasoma karibu mara mbili. Kisha mimina kwa kasi ya kwanza lakini kutoka juu zaidi: punje zinafika kwa nguvu zaidi, na usomaji unapanda tena. Kumbuka kwamba kuna njia mbili za kuongeza kani, kugonga mara nyingi zaidi na kugonga kwa nguvu zaidi. Tutazihitaji zote mbili.

Na ile hadithi ya chembe kusukumana? Katika hewa ya kawaida, nafasi kati ya chembe na chembe ni karibu mara kumi ya upana wa chembe yenyewe. Hata ukiibana hadi nusu ya ujazo, bado sehemu kubwa ni patupu. Anayeumia ni ukuta.

## Hatua ya 2: Ziba bomba

Vuta pistoni itoke kabisa, paka tone moja la gilisirini kwenye mpira wake, rudisha. Isogeze mbele na nyuma mpaka iteleze kwa ulaini. Bila gilisirini msuguano utakula nusu ya matokeo yako.

Weka ukingo wa mpira sawasawa kwenye mstari wa 20. Fanya hivi kabla ya kuziba. Ukiziba pistoni ikiwa kwenye 12, utakuwa na gesi ya mililita 12 na huwezi kuongeza.

Pasha ncha ya bomba kwa kibiriti sekunde chache, plastiki ikilainika ibane kwa koleo mpaka ishikane. Fanya nje, upepo ukiwa nyuma yako, kwa sababu moshi wa plastiki si wa kuvuta. Acha ipoe kabisa.

Jaribu: zamisha ncha kwenye kikombe cha maji na ukandamize pistoni. Kipovu hata kimoja kikitoka, bomba linavuja, pasha tena. Likiwa zima, pistoni ukiikandamiza na kuiachia inarudi karibu na 20 yenyewe. Inarudi kwa sababu ndani kunagonga kuliko nje, mpaka pande mbili zilingane.

## Hatua ya 3: Pakia uzito na usome ujazo

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tutakwenda taratibu.

Weka ubao juu ya stuli mbili, nafasi ikibaki katikati. Kipande cha mbao chenye tundu kiwe juu ya ubao, bomba lisimame ndani yake ncha ikiwa chini. Laza kijiti juu ya kichwa cha pistoni, funga kamba pande zote mbili, zipite kushoto na kulia mwa ubao mpaka chini, na huko zining'inize ndoo. Kwa mtindo huu uzito uko chini na bomba haliangukii upande. Ukijaribu kupanga paketi za sukari juu ya pistoni, utaokota sukari.

Pima ndoo tupu kwanza. Kama ina gramu 300, ongeza maji mililita 700 kupata kilo 1. Baada ya hapo kila lita ni kilo moja.

Kwa kila uzito, fanya hivi:

Subiri nusu dakika. Pistoni inaposhuka, chembe zinazoigonga zinarudi na kasi kubwa kidogo kuliko zilivyokuja, kwa sababu ukuta wenyewe ulikuwa unazifuata. Gesi inapata joto. Ndiyo maana pampu ya baiskeli inaunguza vidole. Nusu dakika inatosha joto hilo kutoka.

Kandamiza pistoni kidogo zaidi kwa kidole, achia, soma. Kisha inyanyue kidogo, achia, soma tena. Chukua wastani. Msuguano unaisimamisha pistoni juu zaidi unapotoka juu na chini zaidi unapotoka chini, hivyo wastani unafuta sehemu kubwa ya kosa.

Sasa hesabu. Pima kipenyo cha mpira wa pistoni. Mabomba ya mililita 20 hukaribia milimita 20, lakini pima lako. Kwa kipenyo hicho eneo ni sentimita 3.14 za mraba. Kilo moja ina kani ya niutoni 9.8, na ukiigawa kwa eneo hilo unapata kilopaskali 31.2. Huo ni mgandamizo *ulioongeza wewe*. Hewa ya nje ilikuwa tayari inaigonga pistoni kwa 88. Mgandamizo kamili ni jumla ya vyote viwili.

Matokeo yanayotarajiwa kwa bomba la kipenyo hicho:

- Bila uzito: mgandamizo 88, ujazo 20
- Kilo 1: mgandamizo 119.2, ujazo 14.8
- Kilo 2: mgandamizo 150.4, ujazo 11.7
- Kilo 3: mgandamizo 181.6, ujazo 9.7

Zidisha mgandamizo kwa ujazo katika kila mstari. Utapata karibu 1,760 mara zote. Vipimo vyako vikitofautiana na hivi kwa nusu mililita au hata moja, umefanya kazi nzuri. Usivipike.

Sasa fanya kosa makusudi: zidisha bila ile 88. Kilo 1 inatoa 462, kilo 2 inatoa 730, kilo 3 inatoa 908. Ukiona namba zinazopanda hivi kwenye daftari lako au la mwanafunzi wako, usitafute tundu kwenye bomba. Hewa ya nje imesahaulika.

### Zoezi la ziwani

Sangara ana kifuko cha hewa tumboni, ndilo lile bondo linalouzwa ghali kuliko minofu. Kifuko hicho hakina mlango wa kutolea hewa haraka. Chukua sangara aliye kina cha mita 20. Kila mita ya maji inaongeza kilopaskali 9.8, kwa hiyo huko chini mgandamizo ni 88 + 196, yaani 284. Akivutwa juu upesi, mgandamizo unashuka hadi 88, na hewa ya kwenye bondo inataka kutanuka zaidi ya mara tatu. Wavuvi wanamjua samaki wa namna hiyo: anafika mtumbwini tumbo limefura, wakati mwingine utumbo wa juu umetokeza mdomoni.

Hesabu mwenyewe kwa mita 40. Ukipata mara 5.5, hatua ya 3 umeielewa.

## Hatua ya 4: Andika maelezo, pete kwa pete

Funga vifaa kando na uchukue kalamu. Maelezo ya mgandamizo ni mnyororo, na msahihishaji anatafuta kila pete:

Chembe za gesi ziko katika mwendo wakati wote, kila upande bila mpangilio. Zinagonga kuta za chombo na kurudi. Kila mgongano unaupa ukuta kani ndogo. Kani zote zikijumlishwa na kugawanywa kwa eneo la ukuta, ndio mgandamizo.

Ukiulizwa kuhusu kubana, ongeza: jotoridi halijabadilika, kwa hiyo kasi ya chembe ni ile ile, lakini idadi ya chembe katika kila sentimita ya ujazo imeongezeka, hivyo ukuta unagongwa mara nyingi zaidi kwa sekunde. Usiandike kwamba zinagonga kwa nguvu zaidi. Hapa ni wingi wa migongano tu.

Ukiulizwa kuhusu kupasha joto chombo kilichofungwa, ndipo unaandika yote mawili: chembe zinakwenda kasi zaidi, zinagonga kwa nguvu zaidi *na* zinaufikia ukuta mara nyingi zaidi. Kwa sababu hiyo kasi ikizidi mara mbili, mgandamizo unazidi mara nne. Choroko hazikuonyesha hili, kwa kuwa wewe ndiye uliyeamua ngapi zianguke kwa sekunde.

## Hatua ya 5: Acha hewa ya nje ijionyeshe

Tia vijiko viwili vya maji kwenye kopo la soda na uliweke jikoni. Beseni la maji baridi liwe karibu. Hapa Mwanza maji yanachemka karibu nyuzi 96, kwa hiyo usikae ukisubiri kipimajoto kifike 100. Tazama mvuke. Ukitoka kwa wingi kwa nusu dakika, hewa iliyokuwa ndani imesukumwa nje na nafasi yake imeshikwa na mvuke.

Likamate kopo kwa koleo la mkaa na uligeuze mara moja, mdomo chini, ndani ya maji baridi. Litabonyea kwa kishindo kabla hujalisikia vizuri.

Onyo kubwa: usizibe kopo wala chombo chochote kikiwa motoni. Maji yakikauka kabisa, ondoa kopo na uanze upya, alumini nyembamba inaungua. Watoto wasimame mbali na beseni.

Kilichotokea ni kwamba mvuke umegeuka kuwa maji ghafla, na chembe zilizokuwa zinagonga kuta kutoka ndani zimepungua mno. Za nje hazikupungua. Mgandamizo wa 88 ni sawa na uzito wa karibu gramu 900 juu ya kila sentimita ya mraba, na ubavu wa kopo una sentimita za mraba zipatazo 250. Kama ndani kungebaki patupu kabisa, kopo lingekuwa linabeba zaidi ya kilo 200. Wengi huandika kwamba kopo "limevutwa na ombwe". Ombwe halina mikono. Kopo limesukumwa kutoka nje.

Kopo likigoma, au maji yalichemka muda mfupi mno, au uligeuza polepole na hewa ikarudi ndani.

## Hatua ya 6: Hesabu ya tairi

Bodaboda imejazwa upepo alfajiri, tairi likiwa nyuzi 25, geji ikasoma psi 30. Mchana, baada ya safari, tairi lina nyuzi 50. Geji itasoma ngapi?

Jibu la kwanza ninalolipata ni 60, kwa kuwa "joto limezidi mara mbili". Dereva akiamini hivyo atakimbia tairi lake mwenyewe. Nyuzi 50 si mara mbili ya nyuzi 25, kwa sababu sifuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapoganda tu. Chembe za hewa hapo bado zinakimbia sana. Badili kwenda Kelvini: 298 na 323.

Jibu la pili ni 32.5. Kelvini ipo, ila hewa ya nje imesahaulika tena. Geji inapima tofauti kati ya ndani na nje. Ongeza psi 12.8 ya Mwanza (ndiyo ile kilopaskali 88): 30 + 12.8 ni 42.8. Zidisha kwa 323, gawanya kwa 298, unapata 46.4. Toa 12.8. Geji itasoma karibu 33.6.

Tumechukulia kwamba tairi halitanuki. Linatanuka, kidogo.

## Hatua ya 7: Tafuta kasi ya chembe bila kuziona

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na shule nyingi zinaipita. Ukijumlisha migongano yote ya chembe zinazokwenda kila upande, unapata kwamba mgandamizo ni theluthi moja ya densiti ya gesi ikizidishwa na kasi ya chembe mara kasi. Theluthi inatokana na pande tatu za mwendo: ukuta mmoja unahusika na mwendo wa kuuelekea tu.

Igeuze kanuni. Densiti ya hewa ya Mwanza kwa nyuzi 27 ni karibu kilo 1.02 kwa mita ya ujazo. Zidisha paskali 88,000 kwa 3, gawanya kwa 1.02, tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni karibu mita 509 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 1,800 kwa saa. Hewa ya chumbani mwako, iliyotulia hata pazia halitikisiki.

Rudia kwa Dar es Salaam kwenye jotoridi hilo hilo: mgandamizo 101,300, densiti 1.18. Unapata karibu 507, na hiyo tofauti ndogo imetokana na kukadiria desimali. Chembe za Dar hazikimbii kuliko zetu. Ni nyingi zaidi katika kila mita ya ujazo, basi.

Mtu atauliza: kama zina kasi hiyo, mbona harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni inachukua muda kukufikia? Kwa sababu chembe moja haiendi hata sehemu ya elfu kumi ya milimita kabla ya kugongana na nyingine na kupotezwa njia.

## Mahali ambapo hesabu hizi hazifanyi kazi

Mtungi wa gesi ya kupikia. Swali linarudi kila mara: gesi ikibaki nusu, mgandamizo nao unakuwa nusu? Hapana. Ndani ya mtungi kuna kimiminika, na gesi inayokusanyika juu yake. Ukifungua jiko, chembe za gesi zinatoka, na nyingine zinaruka kutoka kwenye kimiminika kuziba pengo. Maadamu kimiminika kipo na jotoridi halibadiliki, chembe zinazogonga kuta zinabaki karibu idadi ile ile, na mgandamizo unabaki vile vile mpaka tone la mwisho. Baada ya hapo unaporomoka, kwa kawaida ugali ukiwa jikoni.

Kwa hiyo geji ya mgandamizo haiwezi kukuambia gesi imebaki kiasi gani. Weka mtungi kwenye mizani, kisha toa uzito wa mtungi mtupu uliochapwa kwenye kola yake.